Sera ya tabianchi ya Jiji la Mbeya ianzie kwenye kibali cha ujenzi na mtaro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu nilipokuwa nikifundisha Jiografia hadi sasa ninapokaa barazani kwangu Isanga na kutazama maji ya mvua yakiteremka kutoka upande wa Mlima Loleza. Jambo lenyewe ni nafasi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya katika sera ya mabadiliko ya tabianchi. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, kwa kuwa habari za tabianchi hutufikia kupitia mikutano kama ile ya Sharm el-Sheikh na Dubai, ambako marais na mawaziri huvutana juu ya utekelezaji wa Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 na fedha za kufidia hasara na uharibifu. Sipuuzi mikutano hiyo. Hata hivyo, sehemu ya sera inayomgusa mkazi wa Mbeya moja kwa moja haiandikwi huko. Huandikwa katika ofisi inayotoa vibali vya ujenzi, katika ramani ya mitaro, katika zabuni ya uzoaji wa taka, na katika sheria ndogo ambazo madiwani wetu huzipitisha wakati wengi wetu hatufuatilii.

Wasomaji wanakumbuka yaliyotokea hapa jijini, Itezi, mwezi Aprili 2024, pale tope lilipoporomoka kutoka Mlima Kawetere likafunika nyumba za watu pamoja na shule. Miezi minne tu kabla ya hapo, Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilikuwa limeua watu zaidi ya 80 huko Katesh na vijiji jirani. Kwa tahadhari ya mwalimu, sitasema kwamba tope la Itezi lililetwa na mabadiliko ya tabianchi peke yake. Mlima humeguka pale sababu kadhaa zinapokutana: mteremko mkali, udongo uliokwisha kushiba maji, miti iliyoondolewa, makazi yaliyochimbwa kwenye kiuno cha mlima, na mvua kubwa inayonyesha siku nyingi mfululizo. Ongezeko la joto duniani linaitia nguvu hiyo sababu ya mwisho, kwa maana hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kila joto linapopanda kwa nyuzi 1, na mvuke huo ukigeuka mvua hushuka kwa kishindo. Mteremko hatuuwezi, na mvua hatuizuii. Miti na mahali pa kujenga ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, na hapo ndipo Jiji linapoingia.

Niruhusu, Mhariri, nirudi ubaoni kidogo. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya kawaida ya huku kwetu yenye bati la mita za mraba 150. Ikinyesha mvua ya milimita 40, bati hilo peke yake linamwaga lita 6,000, yaani maji ya kujaza tangi la plastiki la lita 5,000 na mengine yakabaki. Zamani kiwanja kile kilikuwa shamba la mahindi na maharage. Udongo ulikunywa sehemu kubwa ya maji hayo na kuyaachia polepole kuelekea bondeni. Leo pana bati, pana sakafu ya saruji uani na pevingi hadi getini, hivyo maji yote yanatoka kwa wakati mmoja. Mtaa wenye nyumba 200 za namna hiyo unamwaga lita 1,200,000 kutokana na mvua moja ya alasiri, nazo zinaelekea kwenye mtaro uliochimbwa wakati mtaa ulikuwa na nyumba chache zilizotawanyika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 541,603. Watu hao zaidi ya 156,000 walioongezeka ndani ya miaka 10 wanahitaji paa, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza maji ya paa hilo yatakwenda wapi.

Nimepata kuona michoro kadhaa ya nyumba za majirani na za wanafunzi wangu wa zamani. Fundi huchora msingi, vyumba, choo na shimo la majitaka kwa makini, lakini maji ya mvua hayapewi hata mstari mmoja. Jiji lingeweza, kwa sheria ndogo tu, kuweka sharti kwamba nyumba mpya isipewe kibali cha ujenzi mpaka mchoro uonyeshe mabomba ya kukinga maji ya paa na mahali yanapoishia. Kwenye tambarare za kuelekea Uyole na Iyunga, mahali hapo panaweza kuwa tangi au shimo la kokoto la kunyonya maji. Kwenye miteremko kama ya Itezi au Iganzo shimo la kunyonya linaweza kuleta balaa, kwa sababu linaloanisha udongo uleule tunaotaka ushikamane; huko yafaa tangi pamoja na mtaro uliojengwa kwa mawe. Kwa hiyo sharti hilo haliwezi kuwa sentensi moja kwa Jiji zima, na ndiyo maana haliwezi kuandikwa Dodoma, achilia mbali Dubai. Linahitaji mtu anayejua Itezi si Iyunga.

Nieleze kisa kimoja. Msimu mmoja wa mvua kalavati lililo chini kidogo ya nyumba yangu liliziba. Mimi na jirani yangu tuliinama tukachungulia kwa tochi ya simu: palikuwa na viroba vya viazi, kandambili moja ya mtoto, chupa za maji zisizo na idadi, na juu ya vyote mchanga ulioshikana kama zege. Maji yalipokosa njia yalipanda barabarani, yakachimba ukingo wa lami, kisha yakaingia jikoni kwa mama mmoja anayekaanga maandazi na kumlowanishia unga wote wa wiki. Tulikwenda kueleza shida yetu. Ofisi ya kwanza ikatujibu kwa heshima kwamba kalavati ni lao lakini taka zilizomo si zao. Ya pili ikasema taka ni zao lakini hawana ruhusa ya kugusa kalavati. Ya tatu ikataka kwanza kujua kama kile ni kijito au ni mtaro, kwa kuwa kikiwa kijito kinahusu wengine. Siwataji wala siwalaumu, maana kwa mujibu wa makaratasi kila mmoja alikuwa sahihi. Mwishowe vijana wa mtaa walizibua kwa sepetu na majembe, sisi wazee tukachanga hela ya soda.

Mgawanyo huu wa madaraka una historia yake. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala wa Serikali uitwao TARURA, na mtaro wa kando ya barabara huifuata barabara yake. Usimamizi wa mito na vyanzo vya maji uko kwa bodi za maji za mabonde, majisafi na majitaka yana mamlaka yake, na hifadhi za misitu ya taifa ziko chini ya wakala wa misitu, TFS. Kodi ya majengo, ambayo katika miji mingi duniani ndiyo nguzo ya mapato ya jiji, huku kwetu tangu mwaka 2021 hukatwa tunaponunua umeme na kwenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Zipo sababu nzuri za baadhi ya mabadiliko hayo; TARURA, kwa mfano, imewaweka wahandisi pamoja badala ya kuwatawanya. Matokeo yake lakini ni kwamba mvua moja ikinyesha hupita katika himaya za ofisi tano kabla ya kufika mtoni. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kuwapelekea wananchi madaraka. Daraka la kwanza ambalo ningependa kupelekewa ni la mtu mmoja wa kujibu kuhusu maji yote ya mvua, yakiwa juu ya bati, mtaroni au kijitoni.

Jiji halihitaji kusubiri sheria mpya ili lifanye kazi hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inazitaka halmashauri ziwe na ofisa wa mazingira, kamati ya mazingira na mpango wa utekelezaji, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazitambua kama mamlaka za upangaji katika maeneo yao. Mkurugenzi wa Jiji akiitisha kikao cha ofisi zote zinazohusika kila Septemba, kabla ya mvua, kikiwa na ramani moja ya makalavati na jina la mhusika kando ya kila kalavati, sidhani kama kuna atakayekataa kuhudhuria. Nasisitiza ramani moja. Kila ofisi ikija na yake, tutaishia kunywa chai na kuagana.

Hapa ningependa kuwapeleka wasomaji Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, kwa sababu mji ule unafanana nasi kuliko London au Copenhagen: una vilima vilivyokatwa miti na nyumba zinazopanda mlima mwaka hadi mwaka. Tarehe 14 Agosti 2017 mlima uliporomoka katika eneo la Regent, na watu zaidi ya 1,000 wakafa au kupotea. Mwaka uliofuata alichaguliwa meya Yvonne Aki-Sawyerr, ambaye mwaka 2020 alianzisha kampeni ya kupanda miti milioni 1. Kupanda si ajabu. Sisi pia hupanda miti kila mwaka mbele ya wageni rasmi, tukapiga picha, kisha mbuzi wakala. Jambo la kujifunza kwao ni utunzaji. Kila mche ulisajiliwa kwa programu ya simu, na wakazi wa jirani wakalipwa kwa kurudi kuutunza na kuthibitisha kwamba bado uko hai. Fedha ilifuata mti ulio hai badala ya kufuata shimo lililochimbwa. Ningependa Jiji letu liandike mikataba ya upandaji miti kwa mtindo huo.

Kuna jambo la pili kuhusu Freetown ambalo ni chungu zaidi. Meya huyo amelalamika mara nyingi kwamba upangaji wa ardhi na vibali vya ujenzi havimo mikononi mwa halmashauri yake bali viko serikali kuu, hivyo anapanda miti upande mmoja wa kilima huku upande wa pili ukikatwa kwa ajili ya nyumba asizoweza kuzizuia. Sisi Mbeya kalamu hiyo tunayo. Halmashauri ndiyo inayopanga na ndiyo inayotoa kibali. Tunalialia juu ya madaraka tuliyonyang'anywa, nami nimelia hapo juu, ilhali hili moja ambalo wenzetu wanalitamani tunalitumia kama chanzo cha ada tu.

Chukua suala la mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Katika Jiji linalokatwa na vijito vingi kama letu, kipimo hicho kikifuatwa kwa kamba kitagusa mitaa mizima, zikiwamo nyumba zenye hati. Kwa kuwa hakitekelezeki kwa ukamilifu, hutekelezwa kwa msimu: inachorwa X nyekundu ukutani, watu wanalala macho wiki mbili, mvua zinakatika, rangi inafifia, na mwaka unaofuata anajenga mwingine pembeni yake. Nadhani ni heri Jiji liwapeleke wapimaji wake kijito kwa kijito, wabaini ni nyumba zipi hasa zimekaa kwenye njia ya maji na chini ya mlima unaomeguka, kisha hizo chache zihamishwe kwa kupewa viwanja vilivyopimwa kwingineko, na ramani ibandikwe kwenye ofisi ya kila mtaa ili mnunuzi wa kiwanja aione kabla ya kutoa fedha. Wengi walionunua mabondeni walinunua mbele ya mashahidi na karatasi ikagongwa muhuri. Kuwaita wavamizi ni kuwaonea.

Kuhusu taka nitasema lile ninaloliona sokoni. Asubuhi katika masoko ya Soweto, Sokomatola na Uyole, kinachojaza vizimba si plastiki bali majani ya kabichi, maganda ya ndizi, viazi vilivyooza na mabua. Hayo yote yanapakiwa kwenye magari na kupelekwa dampo la Nsalaga. Maana yake tunachoma dizeli kusafirisha maji yaliyomo ndani ya kabichi. Halafu kabichi hizo zikifukiwa mahali pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto dunia takriban mara 28 kuliko kiasi kilekile cha hewa ya ukaa. Wakati huohuo wakulima wa pembezoni mwa Jiji wanahangaikia mbolea, wakijua vema ilivyopanda bei mwaka 2022 hadi Serikali ikaleta ruzuku. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kiko hapahapa mjini. Kutenganisha taka za soko ndani ya soko, kuzigeuza mboji na kuwauzia wakulima ni kazi ambayo Jiji linaweza kuianza katika soko moja bila kuomba ruhusa kwa yeyote, na safari za magari ya taka zikapungua. Nimeona hesabu za gesijoto zinavyowachosha watu. Hii ni hesabu ya mafuta ya gari, ambayo mweka hazina yeyote ataielewa.

Kisha kuna matofali ya kuchoma, ambayo ni vigumu kuyasema bila kuwaudhi ndugu. Nyumba yangu mwenyewe ni ya matofali hayo. Kila tanuri linalofuka moshi bondeni limekula magogo ya mikaratusi, na udongo wake umechimbwa pembeni ya kijito, pakabaki mashimo yanayodhoofisha kingo. Sipendekezi vijana wale wafukuzwe, kwa kuwa ni kazi yao na hawana nyingine. Napendekeza Jiji lianze na majengo yake lenyewe: madarasa, zahanati na ofisi za kata zijengwe kwa matofali ya kufungamana yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, teknolojia ambayo wakala wa Serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi umeifundisha kwa miaka mingi. Fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambalo halmashauri hukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, linaweza kuwanunulia vijana haohao wa tanuri mashine hizo, na Jiji likawa mteja wao wa kwanza. Fungu hilohilo lingeweza kuwasaidia mama lishe kuacha mkaa, kwa kuwa Serikali imeshaweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na lengo hilo halitafikiwa kwa kugawa mitungi midogo kwenye mikutano pasipo kumwezesha mtu kuijaza tena.

Najua jibu litakalokuja: fedha hazipo. Ni kweli kwa mambo makubwa. Mwaka 2005, mwaka uleule Mbeya ilipopata hadhi ya Jiji, meya wa London wa wakati huo, Ken Livingstone, aliyakutanisha majiji makubwa na ukaanza mtandao wa majiji yanayokabili mabadiliko ya tabianchi, ambao sasa unaitwa C40, na Dar es Salaam imo. Majiji yale hukopa, hutoza na huajiri kwa namna ambayo sisi hatuwezi. Lakini sharti katika kibali cha ujenzi halina gharama kubwa kwa Jiji, ramani ya makalavati ni kazi ya wapimaji waliokwisha kuajiriwa, na kuihoji barabara kuu inayopanuliwa kuwa njia nne mjini kwetu kwamba maji yake yatatokea mtaa gani ni suala la barua moja iliyoandikwa mapema, kabla lami haijamwagwa. Nina wasiwasi na hilo la mwisho kuliko yote, kwa sababu lami pana ni bati lingine, refu la kilomita nyingi.

Wakati wa maandalizi ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha, naomba diwani mmoja tu asimame barazani aulize ni ofisi gani inayojua mtaro wa kata yake ulijengwa kubeba mvua ya kiasi gani. Tangu nilipoanza kufundisha nilikuwa na kipimo cha mvua uani mwa shule, wanafunzi wakikisoma kila siku saa 3 asubuhi na kuandika kwa zamu. Nilipostaafu nikahamishia desturi hiyo nyumbani. Daftari ni nene, lina madoa ya chai, na mwandiko wa miaka ya mwanzo si mzuri, lakini siku zimo. Niko tayari kulikabidhi kwa Jiji bure, ila naomba nielekezwe ni ofisi ipi kati ya zile tatu inayolipokea.

Mwalimu mstaafu,
Isanga, Mbeya.